Mjadala wa Kisokrati Unapokwama Darasani: Dalili, Sababu na Marekebisho

Mwalimu anayepanga mjadala wa Kisokrati kwa mara ya kwanza, awe Kisumu, Bungoma au Nakuru, huwa na picha fulani akilini: wanafunzi wameketi kwa duara, mmoja anatoa wazo, mwenzake anamuuliza amelijuaje, wa tatu anatoa mfano unaolipinga, na mwalimu yuko kando akisikiliza. Kinachotokea kwa kawaida ni kingine. Swali linaulizwa, darasa linanyamaza, wawili watatu wanajibu huku wakimtazama mwalimu usoni, kengele inalia, na baadaye katika chumba cha walimu inatolewa hukumu kwamba wanafunzi wetu hawajazoea kufikiri.

Hukumu hiyo siikubali hata kidogo. Katika mijadala niliyoiongoza, na katika mingi niliyoitazama nikiwa nimeketi dawati la nyuma, hitilafu imekuwa mara nyingi zaidi katika swali lililoulizwa, au katika jambo alilolifanya mwalimu sekunde chache baada ya jibu la kwanza, kuliko katika vichwa vya wanafunzi. Hitilafu za aina hiyo zikitafutwa huonekana, na zikionekana hurekebishika.

Ni vyema kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Sokrate wa Athene, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo kwa hukumu ya mahakama ya mji wake, hakuacha maandishi yoyote. Tunachokijua kuhusu mazungumzo yake kimetufikia zaidi kupitia mwanafunzi wake Plato. Desturi yake ilikuwa kumwomba mtu anayedai kulijua jambo, kwa mfano ujasiri au ucha Mungu, alieleze, kisha kulipima jibu lake kwa mambo mengine ambayo mtu huyo huyo anayakubali, mpaka mgongano ujitokeze. Katika darasa letu la leo yanayobaki ya lazima ni matatu: swali ambalo mwalimu hana jibu lake moja la kusahihishia, matini au mfano ambao kila mtu ameusoma au kuuona, na mazoea ya kuuliza sababu ya kila kauli. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, umeitaja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi, kwa hiyo mwalimu anayeandika mjadala huu katika andalio lake la somo hahitaji kumwomba mtu radhi.

Dalili: Swali limeulizwa na darasa limenyamaza

Kimya kina sababu nyingi zinazofanana kwa nje, na kosa kubwa ni kukitibu kabla ya kujua kimetoka wapi. Namna ya kuzitenganisha sababu hizo ni kuwaambia wanafunzi wageukiane wawili wawili na kulizungumzia swali kwa dakika moja, huku mwalimu akipita katikati ya madawati akisikiliza. Kama hata wakiwa wawili wanabaki kimya au wanaanza kupiga soga, tatizo ni swali lenyewe au matini haikusomwa. Kama wawili wawili wanazungumza kwa bidii kisha wananyamaza darasa linapoitwa pamoja, tatizo ni hofu. Na kama wanazungumza kwa bidii lakini kwa Kiluo, Kibukusu au Kikalenjin, kisha wanababaika wanapotakiwa kusema mbele ya wote, tatizo ni lugha.

Tuanze na swali, maana hapo ndipo panapokosewa zaidi. Chukua methali inayojulikana na kila mtoto wa shule: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mwalimu akiuliza, "Methali hii ina maana gani?" ameuliza swali lenye jibu lililokwisha kuandikwa katika kitabu cha marudio, na wanafunzi wanalijua hilo. Anayekumbuka atajibu, asiyekumbuka atainamisha kichwa, na hakuna la kujadiliwa. Sasa aulize hivi: "Ndugu wawili wamelelewa na mama mmoja katika nyumba moja, mmoja amekuwa mchungaji wa kanisa na mwingine amefungwa kwa wizi. Je, methali imekosea?" Hapa hakuna kitabu cha kukimbilia. Mmoja atasema methali ni sahihi ila watoto hao hawakulelewa sawa, hata kama walilala chumba kimoja. Mwingine atasema kulea si kazi ya mama peke yake, kwa sababu barabara na marafiki pia wanalea. Wa tatu atauliza kama methali inadai jambo hili hutokea daima au mara nyingi tu. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na nimelisikia likitoka kwa mwanafunzi ambaye katika mitihani ya kawaida hushika mkia. Kipimo cha swali zuri ni rahisi: mwalimu aliandike jioni kabla ya somo, ajaribu kulijibu kwa namna mbili zinazopingana, kila moja ikiwa na sababu ya kweli. Akishindwa kupata ya pili, alibadilishe swali.

Sababu ya pili ni kutosubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi na kukuta kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, husubiri kwa wastani wa takriban sekunde 1 tu kabla ya kuuliza tena, kumtaja mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu wakapungua, na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Alionyesha pia kwamba kuna kusubiri kwa aina mbili: baada ya swali, na baada ya jibu. Huku kwa pili ndiko tunakokusahau. Mwanafunzi akimaliza sentensi yake na mwalimu akanyamaza akimtazama kwa upole, mara nyingi mwanafunzi huyo huongeza, "kwa sababu…", na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Sekunde 3 mbele ya wanafunzi hamsini huhisiwa kama dakika nzima. Mwalimu azihesabu kimoyomoyo na asiogope.

Hofu ina dawa yake. Mahali ambapo kosa huchekwa, hakuna atakayesema jambo ambalo hajalihakiki, na mjadala hujengwa kwa mambo ambayo hayajahakikiwa. Sheria ya kutocheka haitoshi kutangazwa, inalindwa katika kicheko cha kwanza, pale pale, kwa kumgeukia aliyechekwa na kumwambia, "Endelea, nataka kulielewa wazo lako." Inasaidia pia kuwapa wanafunzi dakika mbili za kuandika kabla ya kusema, kwa kuwa mwenye jambo mbele yake kwenye daftari huwa na ujasiri kuliko anayetunga akiwa amesimama.

Kuhusu lugha, najua kwamba kuna shule ambazo bado humkabidhi mwanafunzi kibao cha kumwaibisha kwa kosa la kutumia lugha ya nyumbani. Kwa kazi hii desturi hiyo ni sumu. Mwanafunzi wa Nyando anayelifikiria swali la haki kwa Kiluo analifikiria kwa lugha ambayo ameisikia ikitumika kuamua kesi za mipaka ya mashamba na mahari. Aruhusiwe kufikiri na jirani yake kwa lugha hiyo katika dakika ile ya wawili wawili, kisha alilete wazo kwa Kiswahili mbele ya wote. Kazi ya kulihamisha wazo kutoka lugha moja hadi nyingine humlazimu kulipanga, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Dalili: Wanafunzi wanaona kuuliza "kwa nini?" ni utovu wa adabu

Dalili hii huonekana zaidi katika vijiji kuliko mijini, na mwalimu hapaswi kuibeza, kwa kuwa watoto hao wamefunzwa heshima nyumbani na heshima hiyo ni mali. Wanachohitaji ni kuonyeshwa kwamba kuhoji wazo si kumtukana aliyelitoa, na kwamba jambo hili halikuletwa na Wagiriki.

Mfano bora tunao hapa kwetu. Profesa Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alizunguka vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, akiamini kwamba falsafa ya Afrika ipo vinywani mwa watu hata pale ambapo haikuandikwa. Aliwatenganisha wazee wa aina mbili: wale wanaoyajua mapokeo ya jamii yao na kuyaeleza vizuri, na wale ambao, wakiisha kuyajua, huyapima kwa akili zao na kuyakosoa pale wanapoona pana kasoro. Miongoni mwa aliozungumza nao walikuwa Paul Mbuya Akoko wa Waluo na Chaungo Barasa wa Wabukusu. Kazi ya anayeuliza, kwa maoni yake, ilifanana na ile ambayo Sokrate alijipa, yaani kumsaidia mwenye wazo alizae. Mwanafunzi wa Siaya au Bungoma akilisikia hili huona kwamba anapouliza "kwa nini tunafanya hivi?" anafuata njia ambayo wazee wa kwao waliipita na wakaendelea kuheshimiwa.

Kwa vitendo, wafundishwe sentensi chache za kuanzia, ziandikwe ubaoni na zibaki hapo: "Naomba unifafanulie ulichosema kuhusu…", "Nakubaliana na wewe hadi hapa, lakini…", "Je, kuna mahali ambapo jambo hilo halitakuwa kweli?" Kiswahili kina adabu nyingi za kupinga bila kuumiza, na hili ni fursa ya kuzifundisha zikiwa kazini badala ya kuziorodhesha.

Dalili: Kila jibu linarudi kwa mwalimu

Mwanafunzi anasema, mwalimu anasema, mwanafunzi mwingine anasema, mwalimu anasema tena. Ukichora duara kwenye karatasi, ukaweka alama kwa kila aliyeketi na kuvuta mstari kutoka kwa anayesema hadi kwa anayemfuata, utaona mistari yote imekutana mahali pamoja. Mchoro huo ni kipimo kizuri kuliko hisia ya mwalimu, na mwanafunzi mmoja anaweza kupewa kazi ya kuuchora.

Sababu yake karibu daima ni jambo dogo ambalo sisi walimu tunalipenda: sifa. Mwanafunzi akijibu, mwalimu husema, "Vizuri sana, mpigieni makofi," na darasa hupiga makofi kwa mpangilio. Nia ni njema kabisa. Hata hivyo makofi hayo yanawaambia wote waliobaki kwamba jibu limepatikana na kazi imekwisha. Na jibu linalofuata lisipopigiwa makofi, mwenye nalo ameshajua kwamba amekosea. Kadhalika mwalimu anapolirudia jibu la mwanafunzi kwa sauti yake kubwa na kwa maneno mazuri zaidi, anawafundisha wengine kwamba hawana haja ya kumsikiliza mwenzao, kwa sababu tafsiri iliyosafishwa itakuja.

Marekebisho yanahitaji nidhamu ya mwalimu kuliko ya wanafunzi. Jibu likitolewa, asilisifu wala asilisahihishe, aseme tu, "Nani ameelewa alichosema mwenzetu na anaweza kukieleza kwa maneno yake?" Anayekieleza amgeukie mwenye wazo na kumuuliza kama amemwelewa sawasawa. Hapo tayari wawili wamezungumza bila mwalimu kupita katikati. Aketi pia, tena aketi ndani ya duara kwenye kiti sawa na cha wanafunzi, kwa sababu mtu aliyesimama ubaoni hutazamwa hata akiwa bubu. Wakimtazama, atazame daftari lake.

Dalili: Watatu wanazungumza na hamsini wanasikiliza

Katika darasa la wanafunzi 50 au 60, duara moja haliwezekani, na mwalimu asijilaumu kwa hilo. Tengeneza maduara mawili. Katika duara la ndani waketi 12 hadi 15 wanaozungumza. La nje waketi au wasimame waliobaki, kila mmoja akiwa amepewa mtu mmoja wa kumsikiliza na kuandika wazo lake lenye nguvu zaidi pamoja na swali moja ambalo angemuuliza. Baada ya dakika 12 hivi, wa nje watoe maswali yao, kisha kundi jingine liingie. Kwa kipindi cha dakika 40 makundi mawili yatapata nafasi. Vipindi viwili mfululizo vinatosha makundi matatu au manne.

Wale watatu wenye maneno mengi wasinyamazishwe kwa karipio. Mmoja wao apewe kazi ya kuandika ubaoni mambo ambayo darasa limekubaliana na yale ambayo halijakubaliana. Ni kazi ngumu inayomfaa mwenye akili nyepesi, na atagundua kwamba kusikiliza kunachosha kuliko kusema.

Dalili: Mjadala umegeuka mdahalo

Shule zetu zina vilabu vya mdahalo vyenye nguvu, na wanafunzi wamezoea watetezi, wapinzani, mwenyekiti na mshindi. Kwa hiyo wakiulizwa swali lenye sura ya mada ya mdahalo, hujipanga pande mbili mara moja na hakuna atakayekubali hoja ya upande wa pili hadi kengele. Ukiuliza, "Je, viboko virudishwe shuleni?" utapata mdahalo, ingawa adhabu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2001. Swali lenyewe limeomba ndiyo au la.

Libadilishe liwe juu ya mtu mmoja katika hali moja. Kisumu mfano upo karibu. Kila mwaka kuanzia Aprili, uvuvi wa omena katika Ziwa Viktoria husimamishwa kwa miezi kadhaa ili samaki hao wazaliane. Uliza hivi: mvuvi ambaye nyumbani kwake hapana chakula ameingia ziwani usiku katika miezi hiyo na kurudi na karai moja la omena; je, amemkosea nani? Neno "nani" linazuia pande mbili zisijengeke haraka. Mmoja atasema ameikosea serikali, mwingine ameikosea sheria lakini si mtu, wa tatu amewakosea wavuvi wenzake waliolala njaa wakitii, wa nne amewakosea watoto wake mwenyewe ambao mwakani watakuta ziwa tupu. Hao wote wanaweza kuwa wamesema kweli kwa wakati mmoja, na kazi inayobaki ni kupima deni lipi ni zito zaidi na kwa kipimo gani. Mwanafunzi akibadilisha msimamo katikati, mwalimu amuulize ni hoja ipi iliyomgeuza, ili darasa lione kwamba kugeuzwa na sababu hakuna aibu.

Dalili: Mwanafunzi aliyeulizwa amevunjika moyo

Hii ndiyo hatari ya kweli ya njia hii. Waliohojiwa na Sokrate walikuwa kwa kawaida watu wazima wenye majina mjini, waliokwisha kujitapa kwamba wanajua. Mtoto wa Gredi ya Nane hakujitapa. Akiulizwa maswali matano mfululizo mbele ya wenzake hadi jibu lake liporomoke, ataondoka na somo moja tu, kwamba kunyamaza ni salama.

Hata hivyo kuna kukwama kunakojenga, na kuna mfano wake maarufu ambao mwalimu wa Hisabati anaweza kuufanya uwanjani kwa kamba na vigingi. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Sokrate anamwita kijana mtumwa ambaye hajafundishwa jiometria na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi mraba 4. Anamuuliza mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8, utakuwa na upande gani. Kijana anajibu kwa uhakika kwamba upande uongezwe mara mbili, uwe 4. Wanauchora na kuona eneo ni 16. Anajaribu 3, wanahesabu, ni 9. Hapo kijana anasema kwamba hajui kabisa. Sokrate anamgeukia Meno na kumuuliza kama kijana huyu yuko pabaya zaidi kuliko mwanzo, na wanakubaliana kwamba yuko pazuri zaidi, kwa sababu sasa ana hamu ya kutafuta. Ndipo unachorwa ulalo, mstari unaotoka pembe moja ya mraba hadi pembe ya mkabala, na mraba uliojengwa juu ya ulalo huo unakuwa na eneo la 8 kamili.

Tazama ni kitu gani kilichokosolewa pale: mchoro ulio chini mbele ya wote. Kijana hakuambiwa amekosea. Alihesabu mwenyewe akaona. Basi katika darasa letu kipimo kiwe hicho. Swali lielekezwe kwenye kauli iliyoandikwa ubaoni, wala lisielekezwe kwa aliyeisema, na baada ya maswali mawili kwa mtu mmoja, la tatu liende kwa darasa zima: "Kauli hii imefika mahali pagumu, nani ataisaidia?" Aliyeitoa apewe haki ya kuirekebisha kauli yake wakati wowote.

Dalili: Maneno ni mengi na hakuna mahali panapofikiwa

Mara nyingi wanafunzi wanatumia neno moja kwa maana tofauti, au wanazungumzia dhana kubwa isiyo na mfano. Mwanafalsafa wa Ujerumani Leonard Nelson, na baada yake Gustav Heckmann, waliifanya njia ya Sokrate ifae kikundi, na utaratibu uliotokana na kazi yao unatufaa sana: kikundi huchagua tukio moja la kweli kutoka maisha ya mshiriki mmojawapo, hulielewa kwa undani, na kila kauli ya jumla hurudishwa kwenye tukio hilo. Swali likiwa "Urafiki ni nini?" mwanafunzi mmoja asimulie siku ambayo rafiki yake alikataa kumwonyesha majibu ya mtihani. Je, huyo alikuwa rafiki katika dakika ile? Mtu akianza kupaa na maneno makubwa, aulizwe tu, "Hilo linaonekana wapi katika kisa cha mwenzetu?" Kauli muhimu ziandikwe zilivyosemwa. Na mjadala ukichanganyikiwa kabisa, usimamishwe kwa dakika tatu ili wanafunzi wazungumzie mwenendo wa mjadala wenyewe: tumekwama wapi, nani hajasikilizwa, tulilikimbia swali lipi.

Dalili: Swali limegusa jeraha

Nilikuwemo katika darasa moja la Nakuru ambamo methali iliyojadiliwa ilikuwa "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mambo yalikwenda vizuri, juu ya ukarimu na uvivu, hadi msichana aliyekaa karibu na dirisha aliposema kwa sauti ya chini, "Na mtu ambaye babu yake alikuja hapa, yeye ni mgeni mpaka lini?" Penseli zilisimama. Nakuru ni kaunti ya watu wa asili nyingi, na machafuko yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 bado yanasimuliwa, au hayasimuliwi, katika nyumba wanamotoka watoto hawa.

Kimya hicho hakitibiwi kama vile vya mwanzo. Mwalimu akilifunika swali kwa haraka, atakuwa amewathibitishia wote kwamba ni swali la aibu, na huyo aliyeuliza atabaki peke yake. Akiliachia tu liende, huenda mtu akataja kabila la jirani yake kabla mwalimu hajapumua. Mwalimu yule alifanya jambo ambalo naliona ni sahihi. Alimshukuru kwa swali, akasema ni zito na linastahili kwenda polepole, kisha akalirudisha kwenye matini: katika methali hii, nani anahesabu siku, mgeni au mwenyeji? Na jembe lile ni la kumfukuza au la kumfanya mmoja wa nyumba? Aliweka pia mipaka miwili, kwamba hakuna atakayezungumza kwa niaba ya jamii yake wala kuulizwa kuhusu jamii yake, na kwamba yeyote anaweza kuandika badala ya kusema. Kuhusu jembe walizungumza hadi mwisho wa kipindi, na wengi walilisoma upya kuwa ishara ya kupokelewa.

Swali la namna hii likitokea, mwalimu wa ushauri nasaha aelezwe siku hiyo hiyo, na aliyeuliza atafutwe faraghani, asionekane kama aliyeitwa kwa kosa. Na mwalimu ambaye anajua kwamba yeye mwenyewe ana kidonda upande huo achague methali nyingine hadi atakapokuwa tayari.

Dalili: "Mwalimu, hili litatahiniwa?"

Ajibiwe bila kuzungushwa. Karatasi ya Fasihi, 102/3, katika mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya sekondari, humtaka mtahiniwa ajadili na athibitishe kwa kurejelea matini, na anayezoea kuulizwa "umelipata wapi katika hadithi?" kila juma anafanya mazoezi ya jambo hilo hilo. Mjadala usitumike hata hivyo kufundishia mambo yanayohitaji kuelezwa tu, kama ngeli au tarehe. Hapo ni kupoteza kipindi.

Dalili: Mvua imeanza

Paa la mabati na mvua ya alasiri ya Kakamega havishindani na sauti ya mtoto yeyote. Mijadala ipangwe vipindi vya asubuhi. Mvua ikiwakuta katikati, wahamie kwenye karatasi: kila mwanafunzi aandike kauli moja, aipitishe kwa jirani, jirani aandike swali moja chini yake, karatasi iendelee hadi imrudie mwenyewe. Baadhi ya maswali makali niliyowahi kuyaona yaliandikwa hivyo, na wanafunzi ambao hawasemi kamwe.

Dalili: Mjadala ulinoga lakini juma lililofuata hakuna anayeukumbuka

Hapa kilichokosekana ni maandishi. Dakika 7 za mwisho zitengwe, hata kama mazungumzo yamepamba moto, kila mwanafunzi aandike aya moja ya mambo matatu: alichokiamini mwanzoni, kauli ya mwenzake iliyomfanya asite, na swali alilobaki nalo. Jina la mwenzake litajwe katika aya, kwa kuwa mwanafunzi anayesoma kwamba maneno yake yalimsimamisha mtu husema tena kipindi kijacho. Mwalimu azisome aya hizo bila kuzitia alama za kupita au kuanguka, achague swali moja kati ya yale yaliyobaki, aliandike ubaoni kabla wanafunzi hawajaingia, na kipindi kinachofuata kianzie hapo.